Kwa nini ndege hugongana zikiwa zinaegesha

Usiku wa tarehe 11 Aprili 2011, katika uwanja wa ndege wa John F. Kennedy jijini New York, ndege ndogo ya kampuni ya Comair ilikuwa imetua salama ikitokea Boston. Ndani yake walikuwamo watu 66. Safari ilikuwa kama imekwisha, kilichobaki ni kuingia kwenye nafasi ya maegesho na abiria washuke. Ndege hiyo ikasimama kabla ya kufika kwenye nafasi yake, na mkia ukabaki karibu na njia wanayopita wengine.

Muda huohuo Airbus A380 ya Air France, aina kubwa kuliko zote za ndege za abiria duniani, ilikuwa inapita nyuma yake ikielekea kuruka kwenda Paris na watu zaidi ya 500. Ncha ya bawa lake la kushoto ikanasa mkia wa ile ndogo na kuizungusha pale pale ilipokuwa imesimama, kama mtoto anavyozungusha kigari chake sakafuni. Picha za video za tukio hilo zilisambaa dunia nzima. Hakuna aliyeumia.

Ndugu msikilizaji, kila tunaposoma habari ya namna hii kwenye taarifa, swali linalofuata ni lilelile. Inawezekanaje? Eneo ni pana, lami imechorwa mistari, taa zinawaka, rubani amesomea kazi yake kwa miaka, na ndege inatembea taratibu. Dereva wa Fuso anaingia kwenye uchochoro wa soko akatoka bila kugusa kibanda cha mtu. Rubani anashindwaje?

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kuna migongano ya kwenye njia ya kurukia, ambako ndege inakwenda kasi kubwa na imejaa mafuta. Hiyo ndiyo iliyoua watu 583 katika kisiwa cha Tenerife, Hispania, mwaka 1977, ajali iliyoua watu wengi kuliko nyingine yoyote ya ndege kugongana. Makala haya hayahusu hiyo. Tunazungumzia migongano ya kwenye maegesho na njia zinazoelekea huko, ambako ndege hutembea kwa mwendo wa mtu anayetembea au anayekimbia polepole. Ni nadra abiria kufa kwenye migongano hii. Ndiyo maana hutajwa kwa sekunde chache kwenye habari kisha tunahamia kwenye michezo. Lakini subiri tufike kwenye kisa cha Seattle.

Jibu la swali linaanza kwenye kiti cha rubani. Ukiendesha lori una vioo viwili vya pembeni, na ukitaka unatoa kichwa dirishani. Rubani wa ndege kubwa hana kioo cha pembeni. Amekaa mbele kabisa, kwenye pua, na mabawa yako mbali nyuma yake. Katika ndege nyingi kubwa haoni ncha ya bawa lake akiwa amekaa kitini. Bodi ya Marekani ya usalama wa usafirishaji, inayochunguza ajali, imeeleza kwamba ili aione, rubani wa ndege hizo angelazimika kufungua dirisha na kutoa kichwa nje, jambo ambalo mara nyingi haliwezekani akiwa kazini. Kwa hiyo anaongoza kitu asichokiona mwisho wake. Anafuata mstari wa manjano uliochorwa chini, akiamini kwamba aliyeuchora alipima, na kwamba hakuna mtu aliyeacha kitu pembeni.

Na kitu chenyewe ni kikubwa. Mabawa ya A380 kutoka ncha hadi ncha ni karibu mita 80. Ukiiweka katikati ya uwanja wa mpira wa kimataifa kwa upana, ncha zote mbili zitapita mistari ya pembeni. Si lazima twende mbali. Pale Dar es Salaam, Boeing 787 ya Air Tanzania, ambayo mabawa yake yana upana wa mita 60, hutumia uwanja mmoja na Cessna Caravan zenye mabawa ya mita 16, zile ndege ndogo za kwenda visiwani na mbugani. Njia inayotosha moja inaweza isitoshe nyingine.

Hilo lilionekana wazi Johannesburg usiku wa tarehe 22 Desemba 2013. Boeing 747 ya British Airways, ikielekea kuruka kwenda London, ilitakiwa kufuata njia pana inayopinda. Badala yake ikanyoosha na kuingia kwenye njia nyembamba iliyokuwa mbele yake. Bawa likaingia ndani ya jengo la ofisi kama panga kwenye mgomba. Watu wanne waliokuwa ndani ya jengo wakapata majeraha madogo. Abiria hawakudhurika, ila ndege hiyo haikurudi tena kazini.

Kuna jambo lingine ambalo dereva wa basi atalielewa haraka. Basi refu likikata kona, kitako chake hutoka nje upande wa pili, na aliyesimama karibu anaweza kupigwa hata kama magurudumu yamempita mbali. Mabawa ya ndege za kisasa yamelala kuelekea nyuma, kwa hiyo ndege inapokata kona ncha ya bawa la upande wa nje hupita mbali zaidi kuliko inapokwenda moja kwa moja. Rubani anaweza kuangalia mbele, akaona nafasi inatosha, halafu akageuka na nafasi hiyo ikaliwa na bawa lake mwenyewe.

Sasa tuingie kwenye maegesho yenyewe. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limeweka kiwango cha chini cha nafasi kati ya ndege iliyoegeshwa na kitu chochote kilicho jirani: mita 3 kwa ndege ndogo, mita 4.5 kwa ndege za ukubwa wa Boeing 737, na mita 7.5 kwa zilizo kubwa zaidi. Mita 4.5 ni kama urefu wa gari dogo la abiria. Hapo ndipo ndege yenye mabawa ya mita 35 inatakiwa kupenya, huku magari ya mizigo, ya mafuta, ya chakula na ya maji yakiisubiri pembeni.

Kinachozuia isigonge ni watu. Kabla ndege haijafika, wafanyakazi hutakiwa kuizungukia nafasi yake na kuhakikisha hakuna gari, ngazi wala toroli lililovuka mstari mwekundu. Kisha husimama mtu mmoja mbele, amevaa reflekta, ameshika vibao mkononi, au usiku vijiti vyenye taa. Huyo ndiye anayemwongoza rubani. Mikono ikipanda na kushuka kutoka kifuani hadi usawa wa kichwa, maana yake njoo mbele. Mkono mmoja ukinyooshwa pembeni huku mwingine ukiita, maana yake geuka. Mikono ikipanda taratibu kutoka pembeni hadi vijiti vikutane juu ya kichwa, simama. Vikipandishwa na kukutanishwa ghafla, simama sasa hivi.

Aliyewahi kukaa stendi wakati basi linarudi nyuma anaijua kazi hii. Ni utingo yule yule anayepiga ubavu wa basi akiita njoo, njoo, njoo, haya simama! Tofauti ni kwamba huku kelele za injini haziruhusu kuitana, na mtu mmoja mbele hawezi kuona ncha zote mbili kwa usahihi. Kwa hiyo panapobana huwekwa wengine wawili, mmoja kila upande, kazi yao ni kuangalia bawa tu. Wakikosekana, au wakiwa wameitwa kwenda kuhudumia ndege nyingine iliyochelewa, ulinzi wa pembeni unakuwa umeondoka na rubani hana namna ya kujua kwa macho yake.

Viwanja vikubwa vina skrini ukutani inayompa rubani mita zilizobaki na kumwonyesha kama amekwenda kushoto au kulia ya mstari. Ni kifaa kizuri, lakini kinachofuatilia hasa ni pua ya ndege. Toroli lililoachwa chini ya njia ya bawa si lazima likione.

Halafu kuna swali la nani anasimamia. Watu wengi hudhani mnara wa kuongozea ndege unaona na kuamuru kila kitu. Mnara husimamia njia ya kurukia na njia kuu za kupita. Eneo la maegesho mara nyingi liko chini ya ofisi nyingine, na huko Marekani linaweza kuwa chini ya kampuni ya ndege yenyewe. Na hata pale mnara unaposema pita, hausemi kwamba bawa lako limepimwa na linatosha. Rubani anabaki na jukumu la kuhakikisha. Ndege ikisimama kwenye mpaka wa maeneo hayo mawili, pua iko kwa huyu na mkia uko kwa yule, inakuwa ni mali ya wote na haiangaliwi na yeyote.

Mkia ulioachwa nje, kwa maoni yangu, ndiyo picha ya kukumbuka. Tazama matukio yanavyofanana. New York 2011, bawa kwenye mkia. Istanbul, tarehe 13 Mei 2018, Airbus A330 ya Asiana iliangusha mkia wa A321 ya Turkish Airlines iliyokuwa imesimama kwenye eneo la maegesho. Atlanta, tarehe 10 Septemba 2024, Airbus A350 ya Delta iliyokuwa inakwenda Tokyo ilipita nyuma ya ndege ndogo iliyokuwa inasubiri, ikaukata mkia wake na kuulaza pembeni. Seattle, tarehe 5 Februari 2025, Boeing 787 ya Japan Airlines ikagonga mkia wa Boeing 737 ya Delta iliyokuwa imesimama kwenye foleni. Katika yote manne, aliyegongwa alikuwa amesimama, na aliyegonga hakuwa akiiona vizuri ncha ya bawa lake.

Mwaka 2012 bodi ya uchunguzi ya Marekani ilipendekeza ndege kubwa ambazo rubani haoni ncha za mabawa yake ziwekewe kifaa cha kumsaidia, kama vile kamera. Bodi hiyo huchunguza na kushauri, haina mamlaka ya kulazimisha. Atlanta na Seattle zimetokea zaidi ya miaka kumi baada ya ushauri huo.

Si kila mara tatizo ni macho. Tarehe 10 Mei 2005 huko Minneapolis, ndege aina ya DC-9 ya Northwest ilitua ikiwa na hitilafu kwenye mfumo wa mafuta ya shinikizo, ule unaoendesha breki na usukani wa magurudumu. Ilibaki na upande mmoja wa mfumo unaofanya kazi, unaotegemea injini ya kushoto. Ikielekea kwenye geti, injini hiyo ikazimwa. Breki zikapotea, usukani ukapotea, na ndege ikaingia chini ya bawa la A319 ya kampuni hiyohiyo iliyokuwa imetoka kusukumwa kinyumenyume kutoka kwenye geti. Hakufa mtu. Ilikuwa imeshafika nyumbani, tungesema, mlangoni kabisa.

Lakini mara nyingi zaidi kinachogonga ndege iliyoegeshwa si ndege nyingine. Ni gari la mizigo, ngazi, mkanda wa kupakilia mabegi, au lile daraja la kuingilia abiria. Mashirika ya ndege duniani, kupitia umoja wao wa IATA, yamekadiria kwamba gharama ya uharibifu wa ardhini inaweza kukaribia dola bilioni 10 kwa mwaka ifikapo 2035. Taasisi ya Flight Safety Foundation nayo iliwahi kukadiria ajali 27,000 kwa mwaka kwenye maegesho ya ndege duniani, kama moja katika kila safari 1,000, na watu 243,000 wakiumia. Wengi wa hao ni vijana wa kubeba mizigo na kuendesha matrekta, ambao hatujui majina yao na hawatangazwi.

Sasa tufike Seattle ya mwaka 2005. Tarehe 26 Desemba, ndege ya Alaska Airlines aina ya MD-83 ilikuwa kwenye geti ikipakia. Mfanyakazi wa chini akaigusa ubavuni kwa gari la kazi. Hakutoa taarifa. Mizigo ikaingia, milango ikafungwa, ndege ikaruka na abiria 140 na wafanyakazi 5.

Ili kuelewa kilichofuata, fikiria mpira wa baiskeli. Angani hewa ni nyembamba, binadamu hawezi kupumua vizuri, kwa hiyo ndege hujazwa hewa kwa ndani kadiri inavyopanda. Ngozi ya ndege inavutwa kutoka ndani kwenda nje. Katika urefu wa kawaida wa safari, msukumo huo kwenye ndege kubwa ni zaidi ya tani 5 kwa kila mita moja ya mraba. Bati lililo zima linabeba mzigo huo kila siku. Lenye mkunjo au mkwaruzo wa kina linaanza kuchanika pale pale palipodhoofika, kama mpira wenye kijipasuko unaovimba ukiendelea kupiga pampu.

Ndege ilipofika futi 26,000, yaani kama kilomita mbili juu ya kilele cha Kilimanjaro, ubavu ukatoboka. Tundu lilikuwa na urefu wa kama rula moja ya shuleni. Kishindo kikubwa, hewa ikatoka, vifaa vya kupumulia vikadondoka kutoka juu. Marubani wakaishusha haraka na kuirudisha Seattle. Wote wakashuka wakiwa hai. Baadaye ndipo mfanyakazi yule akakiri kwamba aliigusa ndege.

Nimekitafakari sana kisa hicho. Gari lilikuwa linatembea polepole. Huenda hata sauti yenyewe haikuzidi ya mlango wa gari unaofungwa. Hatari haikuwa kwenye kugonga. Ilikuwa kwenye dakika zilizofuata, ambamo mtu mmoja alijua na hakusema. Na tujiulize kwa haki, angesema angepata nini? Safari ingeahirishwa, abiria wangenuna, na pengine yeye angepoteza kazi. Kijana anayelipwa kidogo, siku ya baridi baada ya Krismasi, ana kila sababu ya kujiambia kwamba ni mkwaruzo tu.

Ndiyo maana katika usafiri wa anga kuna utaratibu unaosisitizwa sana wa kumlinda anayetoa taarifa ya kosa lake la bahati mbaya. Hauna maana kwamba mlevi au mzembe wa makusudi anaachwa. Una maana kwamba aliyegusa ndege akasema mara moja asiadhibiwe kwa kusema. Palipo na bosi anayefokea na kufukuza papo hapo, mikwaruzo haipungui, inafichwa. Anayesimamia gereji, ghala au hata zahanati analijua hilo.

Ndege mpya zimefanya jambo hili kuwa nyeti zaidi. Boeing 787 na Airbus A350 sehemu kubwa ya mwili wao si bati, ni nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi maalumu, tabaka juu ya tabaka. Bati likigongwa hubonyea na kila mtu anaona. Nyuzi hizi zinaweza kugongwa, zikarudi mahali pake, rangi ikabaki nzima, huku ndani matabaka yameachana. Fundi hutumia vifaa vya mawimbi ya sauti kuangalia ndani, lakini lazima kwanza aambiwe aangalie wapi.

Wewe abiria una sehemu yako. Ndege ikiwa bado inatembea kuelekea geti, kaa na mkanda umefungwa mpaka isimame na taa ya mkanda izime. Watu huinuka mapema kushusha mabegi, na ikigonga au kufunga breki ghafla wakati huo, begi linamwangukia jirani.

Katika viwanja vyetu vingi vya mikoani hakuna daraja la kuingilia, unatembea kwa miguu juu ya maegesho yenyewe. Fuata njia unayoonyeshwa, usikate mkato chini ya bawa, na simu irudi mfukoni mpaka ufike. Panga la ndege likizunguka kwa kasi halionekani vizuri, linaonekana kama ukungu tu. Mshike mtoto mkono, na kanga au kofia ikipeperuka iache, usiikimbilie. Usiku angalia ile taa nyekundu inayomulika juu au chini ya ndege: ikiwaka, maana yake injini zinafanya kazi au ziko karibu kuwashwa.

Na kama umekaa dirishani ukaona gari, ngazi au toroli limeigusa ndege unayosafiri nayo, mwite mhudumu umwambie umeona nini na upande gani. Si lazima uwe na uhakika. Mhudumu atampelekea rubani, na rubani ana mamlaka ya kusimamisha safari na kumwita fundi hata kama milango imeshafungwa na injini zimeshawashwa.